Gunia la Viazi Kwenye Usukani

Kwa Baba yangu mpendwa,

Mjukuu wako ametoka sasa hivi kutumbukiza plagi ya gari kwenye kikombe changu cha chai. Aliiokota chini ya kitanda, sijui baba yake aliipeleka huko kufanya nini. Akaja nayo akitambaa kwa mkono mmoja, akajivuta kwenye kiti, akasimama, akaniangalia usoni kama mtu anayeomba ruhusa, na kabla sijasema neno akaiachia, chubwi! Halafu akacheka mpaka akaanguka kwa matako. Chai iliruka ikafika hapa juu ya karatasi, ndiyo hiyo alama ya kahawia unayoiona. Nilitaka kuanza upya, nikasema hapana, iende hivyohivyo. Hiyo ndiyo salamu yake ya kwanza kwako, na kuandika bado hajui.

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umepungua kukusumbua, na ule mkono uliobanwa na jeki sasa unakunja vidole vyote. Natumaini Mama naye hajambo na amepunguza kuinua ndoo. Sisi huku ni wazima. Mtoto ana meno manne, mawili juu na mawili chini, na yote ameshayajaribu kwenye bega langu. Mume wangu anakusalimia. Najua hupendi kumtaja, na mimi sitakulazimisha, nitamwita Nyundo kama wanavyomwita wateja, kwa vile kazi yake ni kunyoosha bodi za magari kuanzia asubuhi mpaka jioni, hata akilala vidole vyake vinagonga godoro.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua wakati simu ipo. Baba, wewe kwenye simu unasikiliza mwanzo tu, mwisho unaumalizia mwenyewe kichwani, halafu unakata. Barua haikatiki. Ukiikasirikia ukaitupa chini, Mama ataiokota na atakusomea kwa sauti mbele ya mafundi wako wote, unamjua. Kwa hiyo heri uisome mwenyewe. Anayeileta ni yule mwenye pikapu ya vipuri, atapita huko kesho.

Tunakaa chumba kimoja juu ya gereji. Ngazi yake ni ya chuma, mtu akipanda nyumba nzima inajua. Dirisha linatazama uwanja wa kazi, kwa hiyo hapa nilipokaa ninaliona gari letu, limewekwa juu ya magogo, limevuliwa boneti, na kufuli ya chama cha mashindano ya magari imefungwa kwenye mnyororo uliozunguka injini ili mtu asiiguse mpaka Jumamosi. Wewe ndiye uliyeomba kufuli hiyo. Mtoto kila akiamka anainyooshea kidole. Nimemwambia ni zawadi ya babu.

Mama alinipigia juzi. Alisema ananong'ona akiwa jikoni ili usisikie, lakini nilisikia kikohozi chako karibu, kwa hiyo nadhani yale maneno yalikuwa yako, yeye alikuwa amekukodishia mdomo tu. Alisema lalamiko ulilopeleka kwenye chama juu ya injini yetu linaweza kufutwa. Alisema Nyundo aje huko, akae chini, aombe radhi, aseme ndiyo, nilitanua silinda za injini kupita kipimo cha chama ili kumshinda shemeji yangu, na wewe utamsamehe kama baba na mambo yataisha ndani ya nyumba bila aibu ya kufunguliwa injini mbele ya watu. Alisema nimfikirie mtoto, maana wakikuta injini imetanuliwa, kombe litarudishwa, gari litafungiwa msimu mzima, na nani ataleta tena gari lake kwa fundi mwizi? Alisema mengi, mengine analia.

Baba, jibu ni hapana.

Nimeliandika peke yake kwenye mstari ili ulione vizuri hata kama miwani hujavaa. Hatuji kuomba radhi. Usifute lalamiko lako. Njoo Jumamosi, njoo na lile boksi lako jekundu la spana ambalo hata hospitali ulikwenda nalo, ufungue injini ile kwa mikono yako mwenyewe. Tena unaijua sheria ya chama, maana wewe ni mmoja wa wazee walioitunga. Fundi akidai injini ya mwenzake ifunguliwe, ikapimwa na ikakutwa sawa, ni yeye mlalamikaji atakayeifunga upya, hapohapo, watu wakiangalia, na hakuna kuondoka mpaka iwake. Uliitunga ili watu wasilalamike ovyo. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka ulivyorudi nyumbani unacheka, ukamwambia Mama kwamba sasa tutaona nani ana mdomo na nani ana mikono.

Ninajua kilichokuudhi. Kaka, dereva wako, alikupigia Jumapili akiwa bado uwanjani, pumzi hazijashuka, akakuambia gari lako lililokuwa halijashindwa msimu mzima limepitwa na gari dogo, kuukuu, lenye mlango wa rangi tofauti. Ukamuuliza kama kulikuwa na matope. Akasema kukavu kabisa. Ukamuuliza kama breki ziliisha, kama gia ilichomoka, kama tairi lilipasuka. Akasema hapana. Kwa hiyo ukamaliza: kama gari langu lilikuwa zima, basi lile jingine limechezewa. Kwako hakuna njia ya tatu. Hukumuuliza nani alikuwa anaendesha lile jingine. Hata siku moja hujawahi kuuliza swali hilo juu ya gari lolote.

Nimelelewa na maneno yako, Baba, nayajua kama jina langu. Gari likiwa sawa, hata ukiweka gunia la viazi kwenye usukani litashinda. Ulikuwa unasema hivyo kila kaka akirudi na kombe. Wateja wakimpongeza unawavuta koti, unafungua boneti, unawaambia njooni huku, aliyeshinda yuko hapa, yule pale ni gunia tu. Watu wanacheka. Kaka naye anacheka. Mafundi wako wakaanza kumwita Gunia, na mpaka leo wako wanaodhani ni jina lake. Ulikuwa unamtania, najua. Lakini makombe yote unayaweka kwenye rafu ya gereji karibu na makopo ya grisi, na nyumbani kwake hakuna hata kimoja. Umewahi kuliona hilo?

Na mimi nilikuwepo, nimekaa juu ya lile tairi la trekta, naokota karanga zilizodondoka na kuzipanga. Shule niliacha mapema, unajua tuliachana vipi mimi na hesabu, lakini injini nilizisoma. Wewe ndiye uliyenipa kazi ya kuzizoesha. Injini ikitoka kufungwa upya bado ni ngeni kwake yenyewe, vyuma havijajuana, ukiikimbiza unaiua. Inataka mtu wa kuiendesha taratibu, mchana mzima, asiwe na haraka wala hasira. Vijana wako walikuwa hawawezi, wakifika barabara tupu wanakanyaga. Ukasema mpe huyu binti, huyu ana subira. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Nilipofika umri wa kuomba, nikakuomba siku moja nishindane. Unakumbuka nilivyouliza? Nilisema, Baba, kama anayeshinda ni gari na dereva ni gunia la viazi, basi kuna ubaya gani gunia hilo nikiwa mimi?

Uliendelea kupangusa spana. Mafundi wakazima kompresa, wakageuka kukutazama. Halafu ukaniambia nikafagie vumbi la chuma chini ya mashine.

Baba, nililifagia. Lakini jibu hukunipa, na swali halikuondoka na vumbi lile.

Sasa tulia, vuta kiti, maana hapa ndipo ningekuwa kwenye simu ungekata. Gari lile dogo lililompita kaka Jumapili, Nyundo hakuwa ndani yake. Nyundo alikuwa kando ya uwanja, amembeba mtoto, ana chupa ya uji mfukoni. Aliyekuwa kwenye usukani ni mimi.

Sikujificha. Nilijiandikisha mwenyewe kwa jina langu na leseni yangu, msimamizi alinitazama mimi, akatazama leseni, akaniambia nikaze kofia. Ila kofia ikishavaliwa watu wote ni sawa. Mtangazaji alitangaza gereji ya Nyundo, basi kila mtu akajua ni Nyundo. Nilipomaliza sikungoja kombe, maziwa yalikuwa yamenijaa kifuani yanauma, nikapitia nyuma ya mahema, nikamchukua mtoto na kwenda kumnyonyesha ndani ya gari la zimamoto. Nyundo akaitwa jukwaani. Akawaambia kwenye kipaza sauti kwamba si yeye, ni mke wake. Watu wakacheka, wakampigia makofi, wakasema huyu jamaa ana unyenyekevu. Akarudia. Wakacheka zaidi. Akaja kwangu na kombe, amekasirika kweli, anasema watu hawa hata ukiwapa ukweli kwa spika wanauchukulia mzaha.

Unauliza nilijifunzia wapi. Alinifundisha mjukuu wako.

Usinikasirikie, sikiliza kwanza. Miezi yake ya mwanzo huyu mtoto alikuwa halali. Tumbo lilimsokota, akalia mpaka sauti ikapotea, nikatembea naye chumbani mpaka majirani wakajua nyayo zangu. Siku moja Nyundo alikuwa na injini ya mteja ya kuzoesha, akanisihi nimsaidie kwa sababu alikuwa na kazi ya bodi. Nikamfunga mtoto vizuri kwenye kiti chake nyuma, nikaenda kule kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, palepale panapofanyiwa mashindano, siku za kazi hapana mtu. Nikaanza kuzunguka polepole kama ulivyonifundisha. Mzunguko wa pili akanyamaza. Nikageuka kumwangalia, amelala, mdomo wazi.

Toka siku hiyo injini zote za gereji yetu ninazizoesha mimi. Lakini, Baba, mtoto yule ni mwalimu mkali kuliko wewe. Nikibadili gia vibaya, anashtuka. Nikikanyaga breki ghafla, anaamka, na akiamka ni kilio mpaka jioni. Nikichelewa kukata kona halafu nikaivuta kwa nguvu, kichwa chake kinalala upande na jicho linafunguka. Kwa hiyo nikajifunza kuiona kona kabla sijaifikia. Nikajifunza kuachia mafuta mapema kidogo, niingie bila kugusa breki, gari lijizungushe lenyewe kama maji kwenye beseni, halafu nitoke tayari nikiwa na mwendo. Sikuwa nakimbiza. Nilikuwa nabembeleza. Na siku moja Nyundo alikuja kuniletea chakula akakaa juu ya mawe kuniangalia, akatazama saa yake, akaitikisa, akadhani imekufa. Mtoto alikuwa bado amelala. Nyundo akaniambia nimpe mtoto, nizunguke peke yangu, na sasa nisibembeleze mtu. Nilipomaliza alikuwa amesimama. Aliniambia yeye na mashindano wameachana, kuanzia leo atakaa pembeni, kwa sababu si akili mtu mwenye dereva ndani ya nyumba kuendesha mwenyewe.

Sasa usinielewe vibaya, sisemi gari si kitu. Mimi ni binti yako. Kwenye ule mnyoofu mrefu usio na kona mbele ya jukwaa gari lako liliniacha kama nimeegesha. Kila mzunguko liliniacha, kaka ananipungia mkono, mwanzoni bila kujua ni nani anayempungia. Hakuna dereva anayeweza kuipa injini nguvu isiyokuwa nayo, hata akiimba. Lakini uwanja si mnyoofu peke yake. Kaka ana nguvu nyingi, kwa hiyo anaingia kwenye kona akijua atapewa tena mwendo akitoka, anabana breki, anapoteza, anakanyaga, anapata. Mimi nikipoteza mwendo sipewi tena. Kwa hiyo siupotezi. Kila kona nilikuwa namsogelea, kila mnyoofu ananiacha, na breki zake zinazidi kupata moto. Kona ile ya mwisho, ile inayozunguka shimo la machimbo, akachelewa kubana, gari zito likamvuta nje kidogo, upana wa mlango tu. Nikapita ndani. Hakuna aliyechezea kitu. Gari linasema mwisho wake uko wapi, Baba, lakini wengi hawafiki huko mwisho. Mimi nilifika kwa lile dogo. Kaka kwa lile lako kubwa alibakiza.

Na kaka anajua. Alikuja hapa Jumatatu, akapanda ngazi polepole, nikadhani anakuja kugomba. Akakaa kitandani, akamchukua mtoto, akamweka gotini, akaniambia kwamba alinitambua kabla mashindano hayajafika nusu, maana aliangalia kioo akaona gari nyuma yake linaingia kona ya shimo bila taa za breki kuwaka, na mtu mmoja tu anaendesha hivyo, yule aliyekuwa anazoesha injini za Baba. Nikamuuliza kwa nini hakukuambia kwenye simu. Akasema hukuuliza. Halafu akacheka, akasema angalau amepigwa na mtu. Hiyo sikuielewa mpaka alipoieleza. Alisema miaka yote akishinda limeshinda gari, na Jumapili aliposhindwa, ukasema limedhulumiwa gari. Hata kushindwa hukumwachia kuwe kwake. Alisema angetamani siku moja umwambie, mwanangu, umekosea ile kona. Basi. Alilia kidogo, Baba, mtoto akamshika pua. Alisema hatakaa kimya muda mrefu. Nikamwambia aniachie mimi, nikuandikie kwanza.

Nimebakisha jambo moja, na hili hata kaka hajui.

Siku ile niliyoondoka kwako na tumbo langu na mkoba wangu, Nyundo alikuja kunichukua kwa heshima, alikuwa amevaa shati la kuazima. Hukumkaribisha ndani. Alikusalimia kwa adabu akaomba baraka. Ukamshika bega ukampeleka nyuma ya gereji, penye majani, ukamwonyesha ile injini uliyomfungia mteja zamani, ikarudi, ukaitupa. Unaikumbuka? Ulikuwa umeigonga kwa nyundo kama unavyogonga zote, ukasikiliza, ikatoa mlio wa kukereza badala ya kulia safi, ukasema chuma kimepasuka, imekufa, tupa. Ukamwambia mume wangu, kama unataka zawadi ya harusi, hiyo hapo. Mchukue na huyu, vyote viwili vimeshamaliza kazi. Mafundi wako walicheka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikulia pale, nililia njiani.

Nyundo aliniambia baadaye kwamba amepewa zawadi na mkwe wake na ni utovu wa adabu kuikataa. Akarudi na pikapu ya rafiki yake, akaipakia. Baba, yule mtu kazi yake ni kugonga bati kutwa nzima, masikio yake yanajua kila sauti ya chuma. Alipofika nyumbani akaigonga, akainamisha kichwa, akaigonga tena. Akaniambia chuma hiki ni kizima, kinacholia ni kitu kidogo kimelegea pembeni. Akatafuta, akakuta kile kizibo cha njia ya maji, kimeoza ukingoni, kinacheza kama jino bovu. Akakitoa. Akagonga. Ikalia kama kengele, nyumba nzima ikasikia, mtoto akaruka tumboni mwangu.

Ndiyo injini hiyo iliyo ndani ya gari letu. Hiyohiyo uliyoitia kufuli.

Jumamosi utakapoifungua, pima silinda zote, utakuta ziko kama zilivyotoka kiwandani, hatukuwa hata na uwezo wa kuzitanua. Halafu usiishie hapo. Fungua chini, toa kofia ya beringi ya katikati, igeuze, ipanguse mafuta kwa kidole. Utaona vitone vitatu vimepigwa kwa ponchi, vimekaa pembetatu. Wewe hupeleki injini kwa mtu bila kuipiga vitone hivyo mahali asipoviona, na ulituambia sababu, kwamba siku mtu akisema kazi yako mbovu uweze kuifungua na kujua kama kweli ni yako. Basi ni yako, Baba. Iliyokushinda ni kazi ya mikono yako.

Na sasa najua utakalosema, nakusikia kutoka hapa. Utasema, si mnaona? Nilisema mimi, ni injini! Ni injini yangu iliyoshinda! Utainuka na kuwaambia watu wote. Sema tu. Lakini ukimaliza kusema, jiulize kwa nini ulikuwa umeitupa kwenye majani, na ni nani waliokaa nayo. Mwaka mzima ilikuwa nyuma ya gereji yako na haikushinda hata panya.

Ningeweza kukuambia mambo haya kwa simu mapema, ukafuta lalamiko kimyakimya, ukaokoa uso wako. Mama angefurahi. Lakini nimekataa, nakwambia wazi. Sitaki jambo hili liishe ndani ya nyumba, kwa sababu lile neno la nyuma ya gereji halikusemwa ndani ya nyumba. Lilisemwa mbele ya watu. Nataka ifunguliwe mbele ya watu. Sitaki uaibike, Baba, Mungu ananiona. Nataka tu uone. Kichwa hiki kigumu sikukiokota barabarani, nimekitoa kwako, basi kivumilie.

Halafu utaifunga, sheria ni sheria. Itakuchukua siku nzima, na jua likizama utakuwa huna pikapu ya kukurudisha. Kitanda chetu utalala wewe, sisi tutatandika chini. Na asubuhi yake injini itakuwa imefungwa upya, vyuma vimekuwa vigeni tena, lazima izoeshwe. Unajua ni nani atakayeizoesha. Mtoto atakuwa kwenye kiti chake nyuma. Kiti cha mbele kitakuwa hakina mtu. Hutakiwi kusema kitu, ukae tu umtazame akilala, uhesabu ni mara ngapi ataamka. Akiamka hata mara moja, nitakubali kwamba dereva ni gunia la viazi na nitakwenda kufagia vumbi la chuma bila kinyongo.

Nisalimie Mama sana, mwambie meno manne, asisahau. Nisalimie mafundi wote, hata waliocheka, hasa waliocheka. Mwambie yule mzee wa kuchomelea nakumbuka alivyonipa maji siku ile. Kaka nitamsalimia mwenyewe, na nitaomba aje kushindana tena, safari hii anipungie mkono akijua tangu mzunguko wa kwanza.

Hapa chini ni mahali pa kuweka jina na nimekaa nafikiri niandike nini mbele yake. Mwanao mtiifu sitaandika, itakuwa uongo kwenye barua ambayo mpaka hapa haina uongo. Nimemuuliza mtoto, ametia plagi mdomoni. Nadhani nitaandika

Nyundo ananiita huko chini. Nimemjibu naja, namalizia sahihi tu. Ananiita tena, anagonga ngazi na sauti yake imebadilika, anasema niache kalamu nishuke na mtoto sasa hivi, kuna mzee amesimama getini na boksi jekundu la spana, amekataa kiti, amekataa maji, Jumamosi anasema hawezi kuingoja, kaka yako ameshamwambia, injini itakuwepo, anataka kwanza aitiwe dereva